Mchwa, Dizeli na Mkwe Wangu

Jumatatu, 3 Juni
Lori limegoma tena. Jana lilipumzika kutwa, leo mkwe wangu kapiga stata mpaka kuku wakahama. Linakoroma, linatoa moshi mweupe, kimya. Mwenye tanuri la matofali kapiga simu: likichelewa tena wiki hii, kazi anampa jirani yetu mwenye tipa. Jirani naye kaja kunipa pole. Pole gani ya meno yote nje!

Lori aliniachia marehemu mume wangu. Ndilo linalotulisha. Tangu siku ya posa nilisema mwanamume anayeoga maji ya moto hafai kupewa gari. Nani alinisikiliza?

Mchwa wamerudi kwenye fremu ya mlango wangu. Jioni nimeteka kikombe cha dizeli pale chini ya filta, kwenye kile kizibo, kama kawaida. Kizibo nikakirudisha kwa vidole. Mchwa wamekoma. Hakuna aliyeuliza.

Jumanne
Mkwe kapampu dizeli kwa mkono hadi shati likalowa, ndipo likawaka. Baada ya hapo, kutwa nzima likizimwa linawaka papo hapo. Nikasema ni betri. Akasema betri ingekuwa imechoka, stata isingezunguka kwa nguvu vile. Ananifundisha! Lori nililolichangia kwa kufua nguo za watu!

Jumatano
Nimetumia akili. Mimi nikilala kwenye baridi, asubuhi magoti hayanyooki. Basi injini nimeifunika blanketi langu zito. Na kwa kuwa nilikuwa pale pale, nikateka na kikombe kingine cha dizeli, cha mchwa wa dirishani.

Alhamisi
Limegoma kuliko siku zote. Blanketi linanuka. Tumepeleka matofali kwa kuchelewa, na mwenye tanuri kasema hiyo ndiyo mara ya mwisho. Binti yangu analia jikoni, anauliza watoto watakula nini.

Nimeshajua. Lori linakosa dizeli kwa sababu mkwe anaiuza, dizeli yangu! Kesho naita fundi amuumbue mbele ya watu.

Ijumaa
Fundi kaja. Nikampa kiti, nikamwita na jirani mwenye tipa awe shahidi. Fundi akalala chini ya lori, akagusa hapa, akagusa pale, akatoka na vidole vimelowa.

“Bibi, hiki kizibo kimefungwa kwa mkono tu. Upepo unaingia, lori likikaa dizeli yote inarudi tangini. Nani anakifungua?”

Mkwe akautazama mlango wangu. Akasogea, akainamia fremu.

“Mama,” akasema taratibu, “huu mlango unanuka dizeli.”

Nikamuuliza tangu lini wanaume wanakuja ukweni kunusa milango. Jirani alicheka mpaka akashikilia ukuta. Sitamsahau.

Jumamosi
Fundi kakikaza kwa spana. Leo limewaka kwa mguso mmoja, matofali yamefika mapema, kazi imebaki kwetu. Si nilisema ni uzembe? Kukagua vizibo ni kazi ya dereva. Nimemsamehe.

Mkwe kaniletea kopo la dawa ya mchwa, kaliweka mlangoni. Dawa za dukani hazina nguvu. Nimelisukuma chini ya kitanda.

Mchwa wameanza kwenye kabati. Kizibo nimekijaribu, kimekataa kabisa. Lakini kuna ule mpira unaotoka tangini. Nimeuangalia vizuri. Umebanwa kwa klipu tu.