Hema Halali

Jumatatu, 4 Novemba

Likizo ya mke wangu imeanza leo. Karani wa mahakama hapati likizo kirahisi, na ya mwaka jana aliimaliza yote akimuuguza mama yake. Hii basi ni ya kupumzika. Ameikabidhi mikononi mwangu niipange. Kosa lake kubwa la pili. La kwanza ni kukubali posa yangu.

Shemeji, kaka yake, alipita jioni. Akasimulia tena ile hoteli yake yenye bwawa la kuogelea. Pacha wetu wakamsikiliza midomo wazi. Mimi wananisikiliza hivyo nikiwa nimekunywa soda yao. Nikatangaza papo hapo kwamba Ijumaa tunakwenda kulala kwenye hema. Shemeji akauliza nani anapiga kambi mvua ikinyesha. Nikamjibu kuwa wajuzi huenda nje ya msimu, kukiwa kimya. Sijui maneno hayo niliyatoa wapi. Yalisikika vizuri.

Mke wangu akatoa sharti moja tu.

"Baba Pacha, pawe mahali panaporuhusiwa. Mimi ni mtu wa mahakamani. Sitaki kurudi kazini kwa mlango wa washtakiwa."

Jumanne, 5 Novemba

Nimefunga mapema kibanda changu cha kuchonga funguo, nikaenda kwenye uwanja wa kambi nje ya mji. Geti limefungwa. Kufuli la hovyo, ninalolifungua huku napiga mluzi. Nikalitazama. Nikatia mkono mfukoni, nikautoa. Mlango wa washtakiwa.

Mlinzi akatokea na mwavuli. Akasema msimu umekwisha, watafungua mvua zikikatika. Nikamuuliza wageni wa nje ya msimu hulala wapi. Akasema kwao.

Jumatano, 6 Novemba

Ofisi ya misitu. Bwana misitu mtu mpole ajabu. Kulala msituni ruksa mwaka mzima, mradi una kibali. Nusura nimkumbatie. Kibali anatia saini mkuu wake. Mkuu wake yuko likizo. Nikauliza kwa nini aende likizo sasa. Kwa sababu si msimu.

Nimempigia mke wangu nikamwambia mambo yanakwenda. Sikusema yanakwenda wapi.

Alhamisi, 7 Novemba

Ushindi, asubuhi. Shule zimefungwa, na mwalimu mkuu wa pacha ameniruhusu kutumia uwanja wa mpira. Halali kabisa.

Aibu, mchana. Nimekwenda kuukagua. Bata wamenitangulia. Wanaogelea golini.

Jioni shemeji akapiga simu. Amesikia ninahangaika. Ana uwanja nyuma ya nyumba yake, una majani, una uzio, hati ni yake. Tukalale pale bure. Nikamwambia nitafikiria, kuna sehemu kadhaa nazilinganisha. Nilipokata simu, mke wangu alikuwa ameshaanza kupakia mablanketi. Shemeji alimpigia yeye kwanza.

Jumamosi, 9 Novemba

Naandika nikiwa nimevaa suruali ya shemeji. Inanipwaya. Nitaeleza.

Jana tulifika kukiwa kweupe. Nikasimika hema hatua chache kutoka dirisha la jiko lake. Pacha wakauliza pori liko wapi. Nikawaonyesha upande wenye kamba ya nguo. Shemeji akasimama dirishani na kikombe cha chai, akaniambia nimeligeuza hema ndani nje. Nikasema ndivyo yanavyosimikwa siku hizi. Akarudi kwenye chai. Nilikuwa nimeligeuza ndani nje.

Mvua ikaanza kabla ya chakula cha jioni. Maji yakatiririka ndani kama yamealikwa. Pacha mmoja akaomba kwenda chooni nyumbani kwa mjomba. Hakurudi. Nikamtuma mwenzake akamwite. Naye kimya. Mke wangu akasema anakwenda kuwaangalia. Nikabaki peke yangu, soksi zimelowa, nawasikia wanacheka mle ndani. Hapo sikujichekea. Nilimwona akilini mke wangu akirudi kazini amechoka kuliko alivyotoka, na aliyemchosha ni mimi.

Akarudi na mwavuli na sahani ya chakula. Akaketi kwenye maji, kando yangu, bila kulalamika. Nikamwambia anisamehe, nimemharibia likizo.

"Mwaka mzima nasikiliza watu wakishtakiana," akasema. "Wiki hii nimecheka kila siku. Ila safari nyingine, kabla hujamtangazia mtu, niulize mimi kwanza."

Nikamwahidi kwa moyo wote. Nikaegemea nguzo kwa furaha. Hema likatuangukia.

Shemeji ndiye aliyetutoa. Angenicheka, ingekuwa nafuu. Alileta taulo, akaleta suruali, akanitengea kiti karibu na jiko. Nikamshukuru. Ni mtu mzuri, shemeji. Ndiyo shida yake.

Jumatano, 13 Novemba

Mke wangu amerudi kazini akiwa na nuru usoni. Wenzake wameiona. Na nikilitafakari jambo zima kwa utulivu, naona mpango wangu ulifanikiwa. Kasoro ilikuwa mahali tu.

Leo nimeitwa mahakamani kuchonga ufunguo wa kabati la hakimu. Mama mmoja mkali, hatabasamu. Nikiwa kazini akaniuliza kama mimi ndiye mume wa karani wake, yule aliyerudi likizo anaimba. Nikakiri. Akasema na yeye amechoka, likizo yake inaanza wiki ijayo, ila kila mahali pamefungwa. Nikamweleza kuwa wajuzi huenda nje ya msimu. Moja likazaa jingine. Anakuja na mumewe na mama mkwe wake. Mimi ndiye kiongozi wa msafara.

Alichouliza ni kimoja tu: kama huko tunakokwenda, kulala kwenye hema kunaruhusiwa kisheria. Nimemhakikishia.

Mke wangu nitamwambia nikishapapata mahali penyewe.