Pindo la Kushoto la Joho la Noémia

Jumatatu, 4 Novemba
Nimefika Coimbra. Mvua. Ngazi mia na ushee hadi kwa Bi Ermelinda, mwenye nyumba, mfuko wa soseji za kwetu begani. Sikupumzika hata mara moja. Mara tatu tu.

Sababu ya safari: Jumapili mwanangu Noémia, mwanafunzi wa sheria, anachaniwa joho lake. Ni desturi ya wanafunzi wa hapa: ndugu huchana pindo upande wa kushoto, marafiki kulia, mpenzi katikati. Kwa meno, ndiyo heshima yenyewe. Atakuwepo pia Belarmino, mume wa mama yake, aliyemlea tangu ana miaka sita. Daktari wa meno! Anayo yote, na yote ni yake. Yangu ya juu ni ya bandia. Sijali. Komunyo yake ya kwanza nilikosa. Siku zake za kuzaliwa, nyingi mno, nilikosa. Mchano wa kwanza ni wangu.

Jumanne, 5 Novemba
Mazoezi. Bi Ermelinda amenikuta nimeling'ang'ania pazia la jikoni kwa meno. Akauliza kwani supu yake ina kasoro gani. Ikabidi nimweleze. Akalainika, akavuta kiti, akaanza hadithi ndefu: mpangaji wake wa zamani aliushona kwa uzi mweusi mchano aliochaniwa na mchumba wake. Mchano ukishonwa, ndiyo basi tena, mtu huyo umemfuta. Mchumba alipouona alilia hapo hapo mlangoni. Sikusikiliza vizuri. Nilikuwa natoa nyuzi za pazia mdomoni.

Nimeamua: Jumapili ni mbali. Nitachana mapema, Belarmino akute kazi imekwisha.

Jumatano, 6 Novemba
Nimemwona Noémia! Amekuwa mrefu. Ana kidevu cha marehemu mama yangu. Nikajitolea kumshikia joho apumzishe mabega. Akacheka, akasema baba we, mwanafunzi haachii joho lake hivi hivi.

Mvua ikashuka tukiwa kwenye ngazi. Akanifunika nusu ya joho, tukashuka pamoja, mkono wake begani kwangu, akiniuliza kama mbwa wa nyumbani bado yupo. Pindo lilikuwa karibu na kidevu changu kabisa. Upande gani, ndiyo sikujua. Nafasi imepotea. Siku mbaya.

Alhamisi, 7 Novemba
Leo! Mkahawani wanafunzi hutundika majoho ukutani wakila. Noémia alipokwenda kuagiza kahawa nikasogea. Nikapata pindo la kushoto, nikauma, nikavuta kwa roho yangu yote. Kraa! Nyingine ikalia kraa, ndani ya mdomo. Meno yamevunjika vipande viwili.

Na joho halikuwa lake. Yalikuwepo manane, yote meusi, ningejuaje? Mwenyewe ni jitu moja la uhandisi, jina Firmino. Akanifokea we mzee una wazimu, joho la watu chakula? Kisha akaligeuza, akautazama mchano. Upande huo haujaguswa na mtu, akasema. Baba yake alifariki Machi, kabla hajapata nafasi ya kuja. Noémia akaomba radhi, akasema atamtafutia fundi. Firmino akasema hapana, usishonwe. Uacheni tu. Akanishika mkono, hakuuachia upesi.

Mng'ato wangu bora kabisa, nimempa mtoto wa mtu mwingine! Nilikaribia kulia. Noémia ndiye aliyelia, sijui kwa nini.

Ijumaa, 8 Novemba
Supu. Bi Ermelinda ananiita mtoto mchanga. Noémia amepiga simu kwa mama yake bila kuniuliza.

Jumamosi, 9 Novemba
Belarmino amekuja na mkoba wake. Aibu gani hii! Nimekaa jikoni, kinywa wazi chini ya taa, adui yangu akipima ufizi wangu kwa vidole. Akawa anaongea muda wote. Eti mwaka jana Noémia alimwomba achane, akakataa. Alimwambia, mwanangu, ngoja baba yako, huo mwanzo si wangu. Nikataka kumjibu. Vidole vyake vilikuwa kinywani. Meno yameunganishwa kwa gundi. Marufuku kuuma kitu mpaka wiki ijayo.

Jumapili, 10 Novemba
Chakula cha mchana kwa Bi Ermelinda, soseji zangu mezani. Noémia akalitandaza joho magotini pangu. Kona ya kushoto ilikuwa safi, haina hata alama. Akakata kijinafasi kwa mkasi, akasema, haya baba, anza, kwa mikono inatosha. Nikavuta. Shibiri nzima! Akaniambia taratibu baba, utafika shingoni, kisha akanikumbatia, akaniambia sikioni kuwa kona ile ilikuwa ikinisubiri tangu joho likiwa jipya. Nililia mbele ya watu. Mama yake naye.

Belarmino akafuata. Mchano wake ni upana wa kidole tu.

Shibiri kwa kidole. Nimeshinda!

Jumatatu, 11 Novemba
Kwenye treni. Nimefikiri usiku kucha. Mtu mwenye meno kama yale, kidole kimoja? Ala! Mjanja yule! Amejifanya mnyenyekevu, na meza yote imemwona. Mimi nimeonekana mroho. Noémia kila akitazama pindo ataona shibiri yangu na adabu ya Belarmino.

Hanipati. Stesheni nimenunua sindano na uzi mweusi. Noémia anakuja nyumbani Krismasi, na joho lake. Akienda kanisani na shangazi yake, nitaushona mchano wangu kimya kimya, wote kabisa, nimshangaze. Nione nani atamzidi nani kwa unyenyekevu.