Kifungu cha Saba

Jumatatu, 2 Mei 1966
Nimeusoma tena mkataba wangu wa umeneja. Mzuri! Kifungu cha saba nilikitunga mwenyewe: meneja haondoshwi ila wakurugenzi wote watatu wakutane. Wa kwanza Bi Bahiya, mjane mwenye kiwanda chetu cha kamba za makumbi ya nazi. Wa pili shemeji yake, Mabrouk. Wa tatu mimi! Nisipotokea, hakuna mkutano.

Jumanne, 3 Mei
Barua! Bi Bahiya anaita mkutano Alhamisi, kuzungumzia umeneja. Mabrouk kaileta mwenyewe, anatabasamu. Naogopa, sifichi. Miaka tisa mtaa mzima unaniita Meneja. Wakiacha, sijui nitaitika jina gani.

Alhamisi, 5 Mei
Nimeumwa. Homa, kiuno na kichwa. Nimetaja vitatu ili kimoja kiaminike. Nunu, mke wangu, kaniuliza kama maradhi haya yanakula. Nikamwambia kidogo. Mkutano umeahirishwa. Nimekula sahani mbili.

Jumamosi, 7 Mei
Nilisahau kwamba mgonjwa hukaguliwa!

Alasiri kaingia Bi Bahiya na machungwa, nyuma yake Mabrouk na faili. Nikavuta shuka. Bi Bahiya akaniombea dua, akalia kweli kweli. Akasema Alhamisi alitaka kuniongezea miaka mitano. Mitano! Lakini kwa hali hii itakuwa kunionea. Bora nipumzike, umeneja ashike Mabrouk. Ningesema mimi mzima, lakini yale machozi yake ningeyatazama vipi? Mabrouk akatuhesabu: watatu, tumekutana. Akauliza kama nakubali. Nikaguna. Akaandika kwamba nimekubali.

Nunu akawamenyea machungwa yangu.

Jumatano, 11 Mei
Homa imepona yenyewe. Leo muuza kahawa kaniita Bwana Hashil. Nikachelewa kuitika.

Nimekaa barazani nafikiri. Mwanamke yule alinitakia kheri, nami nikamkimbia chini ya shuka. Kuitwa tu na mtu mwema, nikadhani naviziwa. Nimeona haya sana, tangu asubuhi mpaka baada ya laasiri.

Hapo Nunu karudi sokoni na habari: Mabrouk anakohoa, leo hakwenda kazini. Kifungu cha saba sasa kinamlinda yeye. Lakini ukurugenzi sikuvuliwa! Nimeshanunua machungwa. Kesho nakwenda kumkagua, na Bi Bahiya nitampitia njiani. Faili nitabeba mimi.