Goti Jipya la Fundi Geti

Fundi Geti alikuwa na begi la hospitali miguuni, ikiwa imebaki saa moja na nusu tu kabla ya kubadilishiwa goti, pale Spika, msomaji wao wa magazeti, alipofungua gazeti na kuwasomea wenzake kwenye benchi la kahawa.

"Wataalamu wametengeneza utando mpya wa kupaka vyuma vinavyowekwa mwilini, visiliwe na kutu."

Geti akashusha kikombe. Miaka thelathini anachomelea mageti, na hajaona chuma kilichoishinda mvua.

"Kwa hiyo vya zamani vinaliwa?"

"Gazeti halijasema hivyo."

"Wala halijasema haviliwi," akadakia Mikono Miwili, mpaka rangi wa magari, ambaye hajawahi kuamini kitu kilichopakwa na mtu mwingine. "Mwilini kuna damu, kuna chumvi. Hata bampa halidumu humo. Uliwauliza hospitalini wanapiga mikono mingapi ya rangi?"

"Nilipewa goti la mfano nilishike," akasema Geti. "Nikalikwaruza kwa ufunguo."

"Ukaona kutu?"

"Nilimwona daktari. Akaninyang'anya."

"Basi ana la kuficha. Ahirisha, kaka. Niletee hilo goti nilipige msasa, praima, halafu vanishi. Wiki moja juani, ndipo wakuwekee."

"Rangi gani?" akauliza Spika.

"Fedha. Nyeusi inashika joto."

Geti hakucheka. Miaka miwili anasali ameketi kitini, na kila akimwomba Mungu hujiona kama mteja anayesubiri kuhudumiwa. Hata hivyo akalisukuma begi chini ya benchi.

Mama Birika, muuza kahawa, akamwona. Akatua birika, akapiga magoti taratibu mbele yao, akalivuta begi na kusimama nalo.

"Goti la kulia ni la chuma," akasema. "Mwaka wa tisa huu. Kuna aliyelisikia likilia?"

Wote wakalitazama gauni lake, kisha kwa adabu wakatazama barabara.

"Alikupaka nani, shemeji?" akauliza Mikono Miwili.

"Sijui. Nilikuwa nimelala."

"Na linauma ukipiga magoti hivyo?" akauliza Geti, kwa sauti ya chini.

"Kidogo. Linalonisumbua ni la kushoto, nililozaliwa nalo."

Geti akalipokea begi, akaanza kuchechemea kuelekea hospitali.

"Mwambie daktari asipake kwenye bawaba," Mikono Miwili akamwita. "Rangi ikiganda pale, halikunjiki."

Geti akamwambia kweli, neno kwa neno. Daktari, glavu mkononi, akauliza ushauri huo kautoa wapi.

"Kwa mtaalamu."

"Wa magoti?"

"Wa mabampa."

Daktari akamwomba alale.