Matuta Manne Yaliyonyimwa Mlonge

Leo nimeadhirika. Tena mbele ya watu ishirini na mmoja, mwenyekiti akiwemo, na mbuzi wa jirani waliosimama kusikiliza kama vile walialikwa.

Mnanijua. Nauza vitenge Mwisenge, Musoma mjini, lakini kichwani mimi ni mkulima. (Kichwani tu. Shikeni hilo neno.) Nyumbani kwetu Nyamuswa kuna kikundi cha wakulima chenye nusu ekari kando ya lambo. Maji hapo hayakauki. Mwenyekiti, Mzee Marwa, akatangaza kwamba atakayeonyesha kilimo bora cha mboga ndiye atakabidhiwa ile nusu ekari msimu mzima. Niliitamani mpaka nikawa naiota. Nilishaiona sukuma wiki yangu imejaa soko zima la Musoma.

Siri yangu ilikuwa mlonge. Nilijifunza kwenye simu: unatwanga majani mabichi, unakamua maji yake, unachuja, unachanganya na maji mengi, halafu unapulizia mboga. Zinakua kwa fujo! Ya nini kununua dawa dukani wakati kwa shangazi Butiama mlonge umejaa uani?

Basi nikapanda matuta manane ya sukuma kwa mama. Manne ya kupuliziwa mlonge, manne ya maji matupu, ili watu waone tofauti kwa macho yao. Kila tuta la mlonge nikalichomekea kijiti chenye kitambaa chekundu. (Nilichana kitenge kizuri kabisa, jamani. Nilijitoa.)

"Mama, haya manne yasiyo na kitambaa usiyape kitu. Maji tu."

"Maji tu?"

"Maji tu. Hili ni jaribio."

Mama akayatazama yale matuta, akaguna, akaingia jikoni. Mguno ule ningeutilia maanani, leo ningekuwa na heshima yangu.

Kila baada ya wiki mbili nilifunga duka, nikapita Butiama kuchuma kiroba cha majani, nikaenda Nyamuswa kutwanga mpaka viganja vikawa kijani. Wiki tatu za mwisho biashara ikanibana, sikwenda. Nikajisemea, si tatizo, mlonge umeshaingia damuni.

Leo ndiyo ikawa siku ya ukaguzi. Nikachelewa. (Bodaboda ilipata pancha, tukaisukuma wote wawili.) Nafika, wageni wameshajaa shambani. Nikatupa macho. Mungu wangu! Upande wa chini matuta manne yamesimama, majani mapana kama sinia. Upande wa juu, sukuma za kawaida tu. Nilikumbuka nilikuwa napulizia upande upi? Nilikagua vitambaa? Nani akague vitambaa wakati ushindi unaonekana tangu barabarani?

Nikaokota kijiti, nikasimama kama mwalimu.

"Mzee mwenyekiti, mimi sitasema. Tuonyeshe wewe mwenyewe matuta yaliyokunywa mlonge."

Mzee Marwa akanyoosha fimbo upande wa chini. "Hata mtoto ataona. Ni haya."

Makofi! Vigelegele! Kichwa kikavimba, nikaongeza na ambacho sikuombwa: "Na yale ya juu mnayaona? Utapiamlo mtupu! Ndivyo analima mtu asiyetaka kujifunza!" (Nilisema hivyo. Kwa sauti. Kuna watu walirekodi.)

Mama Bhoke, jirani yetu, alikuwa ameinama kwenye yale matuta ya juu.

"Mwalimu, na hivi vitambaa vyekundu ni vya nini?"

Nikajibu haraka, kwa madaha: "Hivyo ni alama ya matuta yaliyokunywa ml..."

Neno likaishia hapo. Hata mbuzi waliacha kutafuna.

Nikamgeukia mama. Mama anatazama mawingu.

"Mama, haya ya chini umeyapa nini?"

"Maji."

"Na?"

"Na samadi kidogo."

"Kidogo?"

"Nilikuwaga naweka kila jioni ng'ombe wakirudi."

"Lakini nilikwambia uyape maji tu!"

"Mwanangu, niliyaonea huruma! Manne yanakunywa juisi, manne yanaangalia tu? Nimelea watoto saba kwenye mji huu, sijawahi kugawa chakula namna hiyo!"

Watu walicheka mpaka mzee mmoja akakaa chini kwenye tuta, akashika mbavu. Nikajaribu kujitetea. Nilitakiwa kunyamaza, lakini mimi ni mimi.

"Mlonge unafanya kazi! Hizi za juu si mbaya! Linganisheni na zile za jirani zilizodumaa!"

"Jirani gani?" akauliza Mama Bhoke.

(Shamba la upande ule ni lake. Nilikuwa nimesahau.)

Mzee Marwa alipomaliza kufuta machozi akatoa uamuzi. "Nusu ekari ya lambo tunamkabidhi mama wa huyu binti. Anajua kulisha."

Sitawadanganya, iliniuma. Miezi miwili ya kutwanga, halafu nashindwa na mtu ambaye hata hakujua anashindana. Nikauliza kwa sauti ndogo, "Na mimi?"

Mama akanishika bega. "Na wewe njoo na mlonge wako, binti yangu, sijasema mbaya. Ila safari hii matuta yote yanapata vyote, juisi na samadi. Kwangu hakuna wa kulala njaa."

Nikakaribia kulia kwa furaha. Ndipo mwenyekiti akauliza, "Na samadi nani atabeba kutoka zizini mpaka lambo?"

Watu ishirini na mmoja wakanigeukia. Mbuzi pia.

Nimebeba ndoo kumi na mbili. Nguo ilikuwa mpya. Sasa hivi niko stendi ya Bunda nasubiri gari la Musoma, na benchi zima nimeachiwa peke yangu. Kesho duka liko wazi kama kawaida: njooni, chagueni kitenge, lipeni, muondoke kimya kimya. Mwenye swali la kilimo amuulize bosi wangu. Yuko Nyamuswa, anagawa ugali.