Kengele ya Rivasi ya Tipa Yangu

Jumatatu, tarehe 6
Manispaa wametoa masharti ya matipa ya kukodi, ya kubeba kifusi cha barabara. Mwanangu, ambaye ndiye dereva wangu, kanisomea, maana herufi zao kama sisimizi. Namba iandikwe mlangoni. Turubai la kufunika mzigo. Mlango wa nyuma ufunge barabara. Na kengele ya rivasi, ilie piip piip gari likirudi nyuma. Kengele! Tipa yangu ikirudi nyuma inanguruma mpaka kuku wa mtaa wa pili wanahama. Asiyeisikia ana lake jambo.
Mwanangu akasema masharti ni masharti, mama, na ukaguzi ni Ijumaa. Kisha akatazama pembeni, akasema tukikataliwa ataenda kuendesha tipa ya jirani yetu, Mama Kokoto. Nimemzaa mwenyewe huyu.

Jumanne, tarehe 7
Namba nimeipaka mwenyewe kwa brashi ya chokaa. Mama Kokoto akapita na kanga yake mpya, akauliza, shoga, hiyo ni saba au jembe? Nikamjibu ni jembe la kukuzikia.
Hakukasirika, ndiyo ubaya wake. Akasema stoo kwake kuna kengele ya rivasi ya ziada, nikachukue bure. Ili anitangaze kisimani? Nikamwambia mimi sivai vilivyovuliwa na jirani.

Jumatano, tarehe 8
Fundi kasema nyaya zimeoza zote, kengele haifungiki bila siku mbili za kazi. Nikamfukuza. Marehemu mume wangu alikuwa refa, filimbi yake ninayo. Nimeijaribu chooni. Piip, piip, piip. Mpangaji wangu akapiga kelele gari linaingia chooni. Imefaulu.
Mwanangu nimemwambia kengele imeshafungwa, asiulize.

Ijumaa, tarehe 10
Sina hamu.
Asubuhi nilipanda kwa ngazi kwenye bodi ya tipa, kunakokaa mzigo, nikajilaza chini ya turubai, filimbi mdomoni. Mwanangu hakujua. Alijua nimekwenda kliniki.
Uwanja wa manispaa ulijaa matipa. Nikamsikia mkaguzi akisoma namba ya mlangoni mara tatu. Akaagiza rudi nyuma. Nikapuliza. Akasema hiyo kengele ina pumzi. Rudi tena. Nikapuliza tena, vumbi la saruji likanipanda puani, nikapiga chafya katikati. Mkaguzi akauliza, kengele yenu ina mafua?
Mwanangu akajibu ndivyo ilivyofungwa, mzee.
Kisha yule mkaguzi, Mungu anamwona, akasema inua bodi tuone inavyomwaga.
Hilo halikuandikwa popote. Bodi ikainuka. Nikashika ukingo, mikono ikateleza. Mlango wa nyuma ukafunguka kama wa mbinguni, nikamwagika na turubai mpaka miguuni pa mkaguzi. Nilipuliza mpaka chini. Kazi ni kazi.
Wa kwanza kuniinua ni nani? Mama Kokoto. Ananipangusa vumbi mbele za watu, anasema pole shoga, pole. Afadhali angecheka.
Mkaguzi akaandika. Turubai: lipo. Mlango wa nyuma: unafunguka vizuri. Kengele: bibi. Akatupa siku saba, turudi na kengele isiyokula ugali. Tulipofika nyumbani mwanangu akasema atasubiri hizo saba tu, mama, zikipita anahama.

Jumapili, tarehe 12
Nyonga inauma. Mama Kokoto ameleta ile kengele mwenyewe, na fundi wake juu, eti atazibadilisha nyaya zote. Fundi nimemrudisha getini. Kengele nimeipokea, sikulelewa vibaya. Nimeitundika mlangoni mwa banda la kuku, ishike utando wa buibui.
Nimelala kifudifudi siku mbili nikifikiri, na kosa nimeliona. Filimbi haikuwa na kosa. Kosa ni mahali. Ijumaa nitajikunja nyuma ya kiti cha dereva. Kiti hakiinuki.
Jioni mwanangu ameuliza kengele ya Mama Kokoto iko wapi. Nimemwambia imeshafungwa, asiulize.