Aspirini ya Watoto kwa Mwenye Bucha

Zacharia Gachau,
Mwenye Bucha, Landless,
Thika.
Agosti 1996

Kwa Daktari Nadira,
Ruiru.

Mpendwa Daktari,

KUH: TEMBE ULIZONIPA

Naomba barua hii ikukute mzima, na wagonjwa wakiwa wachache ili uisome yote.

Mimi ni yule mwenye bucha uliyempima mwezi wa sita, baada ya kifua kunibana nikipasua paja la ng'ombe. Utanikumbuka kwa sababu kile kitambaa cha kupimia presha kilikataa kuzunguka mkono wangu, ukatuma kikubwa kiletwe. Ulisema mishipa ya moyo wangu imekuwa myembamba, na damu ikiganda mahali pale nitaanguka. Ukaniandikia aspirini, moja kila siku baada ya chakula, maisha yangu yote. Nilishukuru nikaenda zangu. Sasa nimefikiri, nimekasirika, na nimeona nikuandikie kwa heshima.

1. Dawa yenyewe ni ya watoto. Sikujua, kwa sababu mwandiko wenu hausomeki na binadamu. Nilikuja kwako Ruiru makusudi ili watu wa Thika wasijue mambo ya kifua changu. Lakini dawa nilinunua hapa nyumbani, na kijana wa duka la dawa, duka likiwa limejaa watu, akauliza kwa sauti mtoto ana umri gani. Nikamwambia mtoto ana miaka hamsini na nane na ndiye huyu. Watu walicheka mpaka mmoja akashika ukuta. Daktari, mimi nina kilo mia moja na nane! Nabeba mguu wa ng'ombe begani peke yangu. Tembe yenyewe ni ya rangi ya waridi na ina ladha ya machungwa. Nilipokupigia simu kuomba ile kubwa ya wanaume, ulisema hii ndogo inautosha moyo, na kubwa kila siku itanichimba tumbo mpaka nitoke damu. Tumbo hili, Daktari, limekula mutura ya moto, ule utumbo uliojazwa nyama na damu, tangu nibalehe.

2. Watoto wenyewe wamekatazwa. Kwenye chupa imeandikwa ni ya watoto, na chini yake imebandikwa karatasi kwamba watoto wasipewe. Wewe pia ulimwonya mke wangu, Wakonyo, kwamba mjukuu akiwa na homa asionjeshwe hata nusu, maana inaweza kumharibu ini na ubongo. Sasa nauliza kwa adabu: dawa ya watoto ambayo watoto wasiile, wazee ndio waile, iliitwa hivyo na nani, na alikuwa amekunywa nini?

3. Inanuka kachumbari. Niliweka chupa kwenye rafu juu ya sufuria ya supu ili nisiisahau. Wiki mbili baadaye nafungua, ai, siki tupu! Nikaenda kumfokea yule kijana. Akanieleza pole pole kwamba aspirini ikiingiwa na mvuke huvunjika, na kipande kimoja kinachotoka ni siki yenyewe. Ati zamani watu walitumia gome la mti, likawa chungu na la kuunguza tumbo, ndipo wataalamu wakaichukua ile asidi yake na kuiunganisha na ya siki ili ipoe. Kwa hivyo nimepewa gome la mti lililotiwa siki. Marehemu mama yangu alichemshia kijiji kizima magome, bure, na hakuna mtu mzima aliyeulizwa umri wa mtoto.

4. Haifanyi kazi. Hapa naomba usome ukiwa umekaa. Ulisema tembe hii huzuia damu kuganda. Daktari, mambo ya kuganda kwa damu ndiyo kazi yangu. Natengeneza mutura, na damu ya mbuzi usipoikoroga mara moja ingali moto inakuwa kama maini. Kimeu, anayenichomea nyama, huikoroga na kijiti mpaka mkono unamfa ganzi. Basi nikaamua kuipima dawa yako kwa haki. Tuligawa damu ya mbuzi mmoja katika ndoo mbili. Moja nikaiacha hivyo hivyo. Ya pili nikaitia tembe nane zilizosagwa, nikamkataza Kimeu kugusa kijiti. Tukangoja. Zote mbili ziliganda, tena ile ya dawa iliganda vizuri zaidi, ungeweza kuikata vipande ukaipanga kwa sahani. Jioni hiyo wateja wakakosa mutura, wakaanza kuulizana nani amefariki. Kijana wa dawa anadai eti aspirini humezwa ifanye kazi ndani ya mwili, kwenye vichembe vya damu vinavyoshikana, siyo kwenye ndoo. Huyo anawatetea tu wenzake.

5. Inafanya kazi kupita kiasi. Siku chache baadaye kisu kiliteleza kikanikata kidole gumba. Kidonda cha kulamba tu na kuendelea na kazi. Wapi! Damu ilitoka kuanzia chai ya saa nne mpaka watu wa chakula cha mchana wakaja. Kimeu alinifunga na aproni yake, halafu na yangu. Mteja mmoja, mama wa heshima zake, akaomba aambiwe damu iliyo kwenye mizani ni ya nyama au ni yangu. Kwa hivyo dawa yako inaiachilia damu ya mbuzi, ambayo nataka isigande, na inaizuia yangu, ambayo nataka igande. Huo ni ubaguzi, Daktari.

Kwa sababu hizo naomba uniandikie tembe inayolingana na mwili wangu, nyeupe, isiyo na ladha ya tunda lolote. Ukishindwa, njoo Landless mwenyewe ukoroge ndoo pamoja na Kimeu. Na hilo likikushinda pia, nipe cheti chenye muhuri, nikitundike karibu na kile cha mkaguzi wa nyama, kiseme kwamba damu ya Zacharia Gachau imepimwa na ni ya mtu mzima.

Mpaka nipate jibu, nimegoma. Sijameza hata moja tangu siku ya kisu, na najisikia simba. Tembe zilizobaki nazirudisha humu ndani ya bahasha. Mpe mtoto yeyote utakayeruhusiwa kumpa.

Wasalimie wauguzi wote, na mama wa kuandikisha kadi, na bawabu aliyenishika mkono kwenye ngazi. Mwambie akipita Thika asinunue maini kwingine. Wakonyo pia anakusalimu, ingawa hajui kama nakuandikia na angejua angenikataza.

Ni mimi, mwenye hasira na adabu kwa pamoja,
Zacharia Gachau

Nyongeza: Daktari, usitafute tembe ndani ya bahasha, hazimo. Nilikuwa nimeifunga, nangoja mtu wa kuileta Ruiru. Jana nikitundika nyama kifua kikanibana tena, safari hii mpaka mkono wa kushoto, nikaketi sakafuni kwenye maji ya kupigia deki. Kimeu alimkimbilia Wakonyo. Nilipoweza kusema, nilimwambia mke wangu tembe ziko wapi. Akairarua bahasha kwa meno, akanitia nne mdomoni, akaniamuru nitafune, vile ulivyomfundisha siku ile mimi nikiwa nje navaa shati. Ndipo akatafuta gari. Hapa hospitalini wamesema zile nne zilinisaidia sana, na kwamba kuacha dawa ndiko huenda kulikoniangusha. Wameniandikia nini? Zile zile.

Wakonyo ameisoma barua yote sasa. Amekasirika, lakini ameketi hapa kitandani na mkono wangu hajauachilia. Niliogopa, Daktari. Niliogopa sana. Wanasema nikitoka lazima niwe na daktari wa kuniangalia kila mwezi, na mimi sina mwingine. Ukinikataa kwa sababu ya hayo niliyoandika hapo juu, utakuwa na haki kabisa. Lakini tafadhali usinikatae.